Dk. Priscilla White: Aliyehangaika miaka 50 ili mama mwenye kisukari naye apakate mtoto

KILA ninapopita Rohero, hapa Bujumbura, kuelekea upande lilikokuwa soko kuu kabla ya kuteketea kwa moto Januari 2013, macho yangu huenda kwenye benchi moja la mbao nje ya duka la dawa.

Mwaka 2019 nilikaa kwenye benchi hilo na binti wa kaka yangu. Alikuwa na mimba ya miezi miwili. Mkononi alishika karatasi ya kipimo cha sukari iliyoandikwa 144, naye alikuwa analia.

Binti huyu alizaliwa na kukulia Tanzania, akarejea Burundi na mumewe mwaka 2018. Kisukari kilimpata akiwa na miaka 14, kile cha kuchoma sindano ya insulini kila siku. Katika daftari lake la ng'ambo sukari ilikuwa ikiandikwa 7, au 8, siku mbaya 12. Alipoona 144 akajua kwamba yeye na mtoto wamekwisha.

Mwenye duka alitoka nje, akatueleza taratibu. Kuna vipimo vya namna mbili. Tanzania na Kenya mara nyingi wanatumia milimoli, huku kwetu na kwa majirani wa Kongo wanatumia miligramu. Ukitaka kujua miligramu ni sawa na milimoli ngapi, gawanya kwa 18. Mia moja arobaini na nne ukigawanya kwa 18 unapata 8. Ilikuwa sukari ileile aliyoizoea.

Alipangusa machozi, lakini hofu haikuisha, na sababu ilikuwepo. Alipokuwa ugenini aliwahi kubeba mimba, mtoto akafia tumboni mwezi wa nane. Aliporejea, wakwe walikwisha kuanza kunong'ona. Na siku chache kabla ya siku ile, mhudumu wa zahanati moja ambayo sitaitaja alimwambia aache insulini kwa kuwa itamdhuru mtoto.

Mimi ni shangazi yake, na kwetu mambo ya namna hii humwangukia shangazi. Nilimpeleka kwa daktari, kisha nikaanza kusoma na kuulizia. Ndipo nilipokutana na maisha ya mwanamke mmoja wa Marekani ambaye madaktari wanaozalisha wanamjua, lakini sisi tunaonufaika na kazi yake hatumjui. Anaitwa Dk. Priscilla White.

Nimeona niyaandike maisha yake kwa ajili ya ndugu zangu waliorejea nyumbani, na wale wanaovuka kila siku Gatumba, Kobero na Mugina wakiwa na mizigo kichwani. Miongoni mwao wapo wenye kichupa cha insulini ndani ya mkoba, na wapo wenye hamu ya kuitwa mama.

Kabla ya insulini

Ili msomaji aelewe kazi ya mama huyu, ni lazima tuanze na hali ilivyokuwa kabla yake.

Kongosho ni kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo. Kazi yake mojawapo ni kutoa insulini, ambayo huufungulia mwili mlango ili sukari iliyo kwenye damu iingie na kutumika. Kuna watu ambao kongosho lao huacha kabisa kutoa insulini, mara nyingi wakiwa bado watoto au vijana. Hao ndio wenye kisukari kinachotegemea insulini, ambacho leo madaktari hukiita aina ya kwanza.

Zamani mtu wa namna hiyo hakuwa na dawa. Madaktari walimpunguzia chakula hadi akabaki mifupa, ili asogeze siku kidogo. Binti aliyepatwa na ugonjwa huo utotoni kwa kawaida hakufikia umri wa kuolewa. Wachache waliofikia na kubeba mimba, wengi walipoteza mtoto, na wengi walikufa wao wenyewe.

Januari 1922, katika mji wa Toronto nchini Kanada, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alichomwa insulini kwa mara ya kwanza. Kazi hiyo ilifanywa na Frederick Banting, Charles Best, James Collip na John Macleod. Mwaka 1923 haki ya ugunduzi huo iliuzwa kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kwa kila mgunduzi, maana hawakutaka mtu ajitajirishe kwa dawa ya watu wanaokufa.

Watoto waliokuwa wanasubiri kufa wakaanza kunenepa, kucheza na kukua. Na walipokua, mabinti wakaolewa na kubeba mimba. Hapo likazuka swali ambalo hapo nyuma halikuwa na maana: je, mwanamke huyu anaweza kuzaa?

Msichana wa Boston

Priscilla White alizaliwa Machi 17, 1900, katika mji wa Boston, jimbo la Massachusetts. Alisoma chuo cha Radcliffe, halafu akajiunga na chuo cha udaktari cha Tufts. Mjini humohumo kulikuwa na chuo cha udaktari cha Harvard kilichosifika dunia nzima, lakini wakati huo hakikupokea wanawake. Kilikuja kuwafungulia mlango mwaka 1945.

Mwaka 1923 alihitimu akiwa mtu wa tatu katika darasa lake. Hata hivyo, kushika nafasi ya tatu hakukumrahisishia njia. Hospitali za Boston zilikuwa zinasitasita kuchukua wanawake kwa mafunzo ya kazi, hivyo akaenda kufanyia mafunzo hayo Worcester, mji mwingine wa jimbo hilo.

Mwaka 1924 alichukuliwa na Dk. Elliott Joslin, ambaye tangu mwanzo wa karne ile alikuwa akitibu kisukari. Joslin alikuwa mtu wa kumfundisha mgonjwa ajitunze mwenyewe. Alifananisha matibabu na gari la kukokotwa na farasi watatu: chakula, insulini na mazoezi. Farasi mmoja akilegea, gari linakwenda mrama.

Joslin alimkabidhi daktari huyu kijana makundi mawili yaliyokuwa magumu kuliko yote. Kundi la kwanza ni watoto wenye kisukari. La pili ni wanawake wajawazito wenye kisukari. Alishika kazi hiyo akiwa na miaka 24, akaifanya kwa miaka 50.

Kati ya watoto 100

Alipoanza mwaka 1924, kati ya mimba 100 za wanawake wenye kisukari waliotibiwa pale, zilizoleta mtoto hai zilikuwa 54. Insulini ilikuwa imeokoa akina mama, lakini watoto bado walikuwa wanakufa karibu nusu kwa nusu.

Wengi walikufa katika wiki za mwisho. Mama analala usiku mtoto akicheza, asubuhi tumbo limenyamaza. Wengine walizaliwa wakubwa mno, wakakwama njiani. Wengine walizaliwa salama, wakafa siku ya kwanza au ya pili huku watu wanawatazama.

Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka binti wa kaka yangu na ule mwezi wa nane. Nyumbani tulikuwa tumeshasema mengi kuhusu msiba ule, mengine ya kumlaumu yeye, mengine ya kuwashuku majirani. Kumbe jambo hilo lilikuwa na maelezo.

Maelezo yenyewe, kama yanavyofahamika leo, ni haya. Sukari ya mama hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Insulini ya mama haipiti. Kwa hiyo sukari ya mama ikiwa juu, ya mtoto nayo hupanda, na kongosho lake dogo hulazimika kutoa insulini nyingi ili kuishusha. Insulini hiyo humfanya mtoto anenepe kupita kiasi huku mapafu yake yakichelewa kukomaa.

Siku anapozaliwa, kitovu kinakatwa na ile sukari ya mama inakoma ghafla, lakini insulini ya mtoto bado ni nyingi. Sukari yake inaporomoka. Asipoangaliwa na kunyonyeshwa mapema, anaweza kupata degedege, hata kufa. Aliyeunganisha mambo haya katika miaka ya 1950 ni daktari Jørgen Pedersen wa Copenhagen, nchini Denmark.

Kuna jambo jingine. Viungo vya mtoto, moyo wake na uti wa mgongo, huumbwa katika wiki nane za kwanza, wakati wanawake wengi hawajajua kama wana mimba. Sukari ikiwa juu sana siku hizo, mtoto anaweza kuumbika na kasoro. Ndiyo maana leo inasisitizwa kwamba matunzo yaanze kabla ya kushika mimba.

Msomaji ataona kuwa insulini ya mama haimfikii mtoto. Hivyo yule mhudumu aliyesema insulini iachwe alikuwa anampoteza mgonjwa. Mwenye kisukari cha aina hii akiacha insulini, damu yake hujaa asidi, na mtoto anaweza kufa kabla hata ya mama kuzidiwa.

Kazi ya kila wiki

Dk. White hakugundua dawa mpya. Alichofanya ni kukataa kumwacha mwanamke apotee machoni pake.

Wagonjwa wake waliangaliwa mara kwa mara tangu mapema, na mimba ilipokuwa kubwa waliingizwa hospitali. Chakula kilipimwa. Insulini ilibadilishwa kila mimba ilivyobadilika. Miezi ya mwanzo mama anaweza kuhitaji insulini kidogo kuliko kawaida, akazimia kwa sukari kushuka. Kuanzia mwezi wa tano mahitaji hupanda, na kwa wengi mpaka mwisho wa mimba huwa yamefika mara mbili ya mwanzo. Kondo la nyuma likishatoka, mahitaji hushuka siku hiyohiyo. Anayechoma kipimo kilekile miezi tisa yote anajitafutia hatari.

Tukumbuke pia vifaa vya wakati ule. Hakukuwa na mashine ndogo ya kupimia sukari nyumbani, kwani hizo zilianza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1970. Mgonjwa alichemsha mkojo wake pamoja na maji ya dawa ya buluu. Yakibaki ya buluu, hakuna sukari. Yakigeuka kijani, ipo kidogo. Yakiwa ya rangi ya chungwa au mekundu kama tofali, imezidi. Kwa rangi hizo mama huyu aliokoa watoto.

Kisha akakabili wiki za mwisho zilizokuwa zinaua. Aliona kwamba kusubiri uchungu uje wenyewe ni kusubiri msiba, akaamua watoto watolewe wiki kadhaa kabla, mara nyingi kwa upasuaji, huku daktari wa watoto akiwa tayari pembeni.

Uamuzi huo ulikuwa na gharama. Mtoto anayetolewa mapema anaweza kushindwa kupumua kwa sababu mapafu bado machanga. Kumwacha kulikuwa na hatari, kumtoa kulikuwa na hatari, na kila mama alipimwa peke yake. Baadaye zilipokuja mashine za kuangalia mtoto tumboni, madaktari waliweza kusubiri zaidi. Leo miongozo mingi inashauri mwenye kisukari cha aina hii ajifungue kati ya wiki ya 37 na ya 38 na siku zake, iwapo hakuna tatizo lingine.

Madaraja ya White

Mwaka 1949 Dk. White alitoa mpangilio uliobeba jina lake hadi leo. Aliona si haki kusema wanawake wote wenye kisukari wana hatari sawa. Akawapanga kwa herufi, kuanzia A.

Daraja la A ni wale ambao chakula peke yake kilitosha kuwatuliza. B ni waliopata ugonjwa wakiwa na miaka 20 au zaidi na hawajafikisha miaka kumi nao. C ni waliopata kati ya miaka 10 na 19, au walioishi nao miaka 10 hadi 19. D ni waliopata kabla ya miaka 10, au walioishi nao miaka 20 na zaidi. Mbele zaidi wapo ambao figo zimeguswa, na baadaye zikaongezwa herufi za walioharibika macho na moyo.

Faida ya mpangilio huu ilikuwa kubwa. Daktari aliyeko mbali, asiye na uzoefu, aliweza kuuliza maswali mawili tu: ulianza kuumwa lini, na macho na figo zikoje? Kwa majibu hayo alijua amwangalie mgonjwa huyu kwa ukaribu gani. Binti wa kaka yangu, aliyeanza kuumwa na miaka 14 na kukaa nao miaka 12, angeingia C. Siku hizi madaktari wengi wanaangalia zaidi hali ya figo, macho na presha kuliko herufi zenyewe, lakini yale maswali mawili bado yanaulizwa.

Watoto wake wengine

Wakati huohuo hakuwaacha watoto. Mwaka 1932 alitoa kitabu kuhusu kisukari cha watoto na vijana. Mwaka huohuo ilifunguliwa kambi ya wasichana wenye kisukari huko Oxford, Massachusetts, mahali alipozaliwa Clara Barton, mwanzilishi wa Msalaba Mwekundu wa Marekani. Dk. White alihusika nayo tangu mwanzo.

Sisi tuliorejea, tukisikia neno kambi tunakumbuka mahema na foleni za maji. Kambi hiyo ilikuwa ya aina nyingine. Wasichana walikwenda likizo, wakaogelea, wakajifunza kujichoma sindano na kupima chakula, wakaona kuwa wapo wengine kama wao. Baadhi ya wagonjwa waliokuja kwake wakiwa watoto walirudi baadaye wakiwa na mimba, akawahudumia hadi wakajifungua.

Alipoteleza

Nitakuwa sijatenda haki nikimsifu tu. Kuna jambo ambalo Dk. White aliliamini na halikuwa sawa.

Katika utafiti aliofanya na wenzake wa Boston, aliona kwamba homoni za mimba za baadhi ya wagonjwa wake hazikuwa katika uwiano, na kwamba hao ndio waliopoteza watoto. Akaanza kuwapa homoni, ikiwemo ya kutengenezwa viwandani iitwayo stilbestroli. Watoto wengi zaidi waliishi, naye akaamini homoni zimesaidia.

Lakini wagonjwa hao walikuwa pia wanaangaliwa kila mara, chakula kinapimwa, insulini inarekebishwa. Ni kipi kilichookoa? Uingereza walifanya jaribio, wakagawa wajawazito wenye kisukari makundi mawili, moja likapewa homoni na jingine vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalitolewa mwaka 1955: homoni hazikuongeza watoto walio hai.

Mwaka 1971 likaja kubwa zaidi. Madaktari wa Boston waligundua kuwa baadhi ya mabinti ambao mama zao walikunywa stilbestroli wakiwa wajawazito walipata saratani ya nadra ya uke. Dawa hiyo ilikuwa imetolewa na madaktari wengi kwa wajawazito wengi, wenye kisukari na wasio nacho. Mwaka huohuo serikali ya Marekani ilitoa onyo wajawazito wasipewe.

Mimi nililikalia jambo hili siku nyingi. Mama huyu aliwapenda wagonjwa wake na alikuwa hodari, lakini alidanganyika kwa sababu aliona wanapona na hakuwa na kundi la kulinganisha. Sisi je, tunaonunua chupa za miti shamba mipakani kwa kusikia kwamba fulani alipona? Yaliyobaki ya Dk. White ni yale yaliyopimwa yakaonekana: kuangalia sukari, kurekebisha insulini, kuchagua siku ya kujifungua.

Mwisho wa safari

Mwaka 1960 Chama cha Kisukari cha Marekani kilimpa nishani ya Banting, heshima yenye jina la yule mgunduzi wa insulini. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuipata.

Alistaafu mwaka 1974 akiwa na miaka 74. Kwa miaka hiyo alikuwa amesimamia mimba zipatazo 2,200 za wanawake wenye kisukari. Na ile hesabu ya watoto 54 kati ya 100 ilikuwa imepita 90.

Alifariki Desemba 1989, Ashland, Massachusetts, akiwa na miaka 89. Aliishi akaona wagonjwa wake wakiwa na wajukuu.

Ya kwetu mipakani

Ndugu msomaji, yapo mambo ambayo binti yetu alijifunza kwa machozi, na ambayo wewe unayevuka mpaka unaweza kujifunza bila machozi.

La kwanza ni hesabu ya 18. Ukibadilisha nchi, uliza mashine inasoma milimoli au miligramu. Wajawazito wenye kisukari kwa kawaida huelekezwa sukari iwe chini ya 95 kabla ya kula, chini ya 140 saa moja baada ya kula, na chini ya 120 baada ya saa mbili. Kwa milimoli ni 5.3, 7.8 na 6.7. Lakini isishuke chini ya 70, yaani 3.9. Kwa hiyo ile 8 aliyoizoea binti yetu ilikuwa ileile kweli, ila kwa mjamzito ilikuwa juu kidogo, na daktari alimwongezea insulini.

La pili ni nguvu ya insulini. Ipo yenye yuniti 100 kwa kila mililita, na katika baadhi ya masoko ipo ya yuniti 40. Kila moja ina bomba lake la sindano. Tulipokaa na daktari tukirudi nyuma kuhesabu, tuligundua kwamba katika mimba ile ya kwanza binti yetu alinunua mahali fulani chupa za 40 huku mabomba yake ni ya 100. Alipovuta hadi alama ya 20, alikuwa anapata yuniti 8 tu. Hakuna aliyemwambia. Siwezi kuapa kwamba hilo ndilo lililomuua mtoto, lakini siwezi pia kulisahau. Soma namba kwenye chupa, soma namba kwenye bomba, zifanane.

La tatu ni joto. Chupa ambayo haijafunguliwa ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, isigande. Inayotumika inaweza kukaa nje takribani wiki nne kama joto halizidi nyuzi 30 hivi, lakini fuata karatasi yake. Usiiache juani wala ndani ya gari lililofungwa. Pasipo na friji, chungu kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga uliolowa maji hupunguza joto vizuri.

La nne ni safari yenyewe. Foleni ya mpakani haina saa. Beba sukari au kinywaji kitamu, beba chakula, na mwenzako unayesafiri naye ajue unaumwa nini, asije akadhani umelewa sukari ikishuka.

La tano, na ndilo kubwa, ni kumwona daktari kabla ya mimba. Kipimo cha sukari ya miezi mitatu kikiwa chini ya asilimia 6.5 ndipo hatari huwa ndogo zaidi. Macho, figo na presha viangaliwe, na vidonge vya foliki vianzwe mapema. Kama kipimo hakijafika hapo, kupanga uzazi kwa muda si aibu. Hapa Burundi huduma ya kujifungua katika vituo vya serikali ilitangazwa kuwa bure mwaka 2006, basi hakuna haja ya mwenye kisukari kukaa nyumbani akisubiri uchungu.

Na kwa wakwe na waume: mwanamke huyu hajalaaniwa. Anahitaji mtu wa kumkumbusha sindano, wa kumpelekea chakula kwa wakati na wa kumsindikiza kliniki.

Binti wa kaka yangu alijifungua mwishoni mwa mwaka 2019, wiki ya 37, kwa upasuaji. Alikuwa mtoto wa kike. Saa chache baada ya kuzaliwa sukari ya mtoto ilishuka, lakini wauguzi walikuwa wameshajiandaa. Walimpima kisiginoni, wakamweka kwenye titi mapema, wakampima tena na tena hadi ikatulia. Mimi nilikaa pembeni ya kitanda nikimwangalia mama yake, maana naye sukari yake ilikuwa inataka kushuka.

Siku ya kutoka hospitali tulipita Rohero. Aliomba tusimame pale kwenye benchi, amnyonyeshe mtoto. Mwenye duka alitoka, akamtazama, akarudi ndani kuhudumia wateja.

Mwandishi wa makala haya ni mfanyabiashara na mkazi wa Bujumbura, aliyerejea kutoka Mishamo, Tanzania, mwaka 2008.